Ubeti Usioimbwa Hamravík

Jumamosi watu wa kijiji cha Hamravík walimwimbia Niklas Paule wimbo wa kumsuta. Jumapili, wakiwa kanisani, banda lake la mashua likaungua, na kaka yake Heini akafia ndani. Jumatatu akakamatwa Sunnvør Tausen, mwalimu wa chekechea, mtunzi wa wimbo huo. Leo ilikuwa Jumanne, na alasiri hakimu wa mjini Tórshavn alikuwa aamue kama Sunnvør akae mahabusu wiki nne au arudi kwao.

Mpelelezi Hergeir Lamhauge aliingia chumba cha mahojiano mapema asubuhi. Kiti kilikuwapo. Hakukitumia. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akageuka, akatembea tena.

"Kaa basi," Sunnvør akamwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikikaa nasinzia. Jumamosi nani aliongoza wimbo?"

"Heini."

"Heini huyu marehemu?"

"Hamravík ina Heini mmoja tu. Ilikuwa naye. Ndiye mwimbishaji wetu tangu mimi sijazaliwa."

"Aliongoza wimbo wa kumsuta mdogo wake wa tumbo moja?"

"Na mkono akamshika. Mkono wa kushoto aliushika Heini, wa kulia akaushika fundi wa injini. Afande, wewe ni mtu wa mjini lakini si mgeni wa nchi hii. Anayesutwa anabanwa na wanaume wawili wenye nguvu, anazungushwa kwenye duara mpaka wimbo wake uishe. Akiwa na akili anacheza, anacheka, na kesho yake yamekwisha. Akichomoka akakimbia, basi wimbo utaimbwa hadi kwa wajukuu zake."

"Niklas alikimbia?"

"Hata. Alicheza mpaka mwisho. Kwa hilo nilimvulia kofia."

Kisa chenyewe Hergeir alikijua, kama kila mtu aliyesoma gazeti wiki ile. Niklas alikuwa ametia sahihi kampuni ilete vizimba vya samaki kwenye ghuba ya Hamravík. Sahihi yake peke yake haikutosha. Wenye ardhi wengine walikuwa wapige kura Ijumaa. Sasa babu yake Niklas, aliyeitwa Niklas vilevile, ndiye aliyewapa wageni ufukwe wa kijiji zamani, wakajenga kituo cha kuchemshia mafuta ya nyangumi. Babu alitungiwa wimbo. Sunnvør aliuchukua wimbo wa babu, akambandika mjukuu.

"Hebu nisomee ubeti wako," Hergeir akasema.

"Siwezi kuusoma. Nitauimba."

Akauimba kwa sauti ya chini, vidole vikigonga meza.

*Babu alitoa pwani, mjukuu maji yake,*
*kesho atatoa mvua, na mawingu juu yake.*

Hergeir aligeukia dirisha ili asionekane anacheka.

"Huu haumfungi mtu. Shida ni ule wa mwisho."

"Ule sikuutunga mimi. Ule ni wa wimbo wa babu, umo tangu zamani." Akauimba nao.

*Kila mmoja na mwenge, wakashuka ufukweni,*
*banda la Niklas majivu, mashua yake motoni.*

"Ukauacha hivyohivyo, ndani ya wimbo wa mtu aliye hai, mwenye jina lilelile na banda palepale."

"Watoto wa chekechea wanaujua ubeti huo. Wanauimba wakinawa mikono."

"Jumapili hukwenda kanisani."

"Siendi tangu nipate kipaimara."

"Kopo la petroli lililokutwa nyuma ya banda ni lako."

"Ni langu. Lilikuwa barazani. Hamravík nani anafunga mlango, afande? Mwezi uliopita mtu aliazima toroli langu. Sijui nani. Likirudi limerudi."

"Hayo mimi nayaelewa. Mwendesha mashtaka ataona kopo tu."

Sunnvør akaacha kugonga meza. "Heini alinifundisha kila wimbo ninaoujua. Alhamisi wanamzika. Mkitaka kunifunga nifungeni Alhamisi jioni. Kabla ya hapo mtanionea."

Hergeir alichukua funguo za gari, akatoka.

* * *

Barabara ya Hamravík inapita chini ya mlima, kisha inatokea upande wa pili penye upepo. Ndani ya handaki redio ilikata. Gari lilipotoka handakini ilirudi katikati ya sentensi. Alikuwa yule mtangazaji ambaye kazi yake ni kuchukua wimbo wa zamani kila wiki na kuufunga na habari ya siku. Wiki hii hakupata taabu ya kutafuta. Alieleza jinsi wanakijiji wa zamani walivyomchomea babu banda kwa hasira, jinsi aibu ilivyowakaa baadaye, na jinsi kituo kilivyojengwa bila mtu kunyanyua mdomo tena. Kisha akapiga sauti iliyorekodiwa kwa simu Jumamosi, duara zima likipiga miguu sakafuni. "Sikilizeni wenyewe," akasema. "Wimbo ulituambia."

Hergeir akaizima. Simu ikalia papo hapo. Alikuwa mkuu wake.

"Umemsikia wa redioni? Nchi nzima imeshahukumu."

"Basi hakimu akapumzike."

"Hergeir, ndugu yangu, nisikilize. Una wimbo, una kopo, una mtu asiyekwenda kanisani. Huko Hamravík unakwenda kutafuta nini?"

"Heini alikutwa mahali pabaya."

"Niambie mahali pazuri pa kufia."

"Mashua ilikuwa mlangoni, pua imeelekea baharini. Mtu anayekimbilia kuokoa mashua anashika pua, anaivuta nje. Heini tumemkuta ukuta wa nyuma, nyuma ya mashua, moto uko mbele yake. Alipita kando ya mashua, mkuu. Aliiacha."

"Moshi unapoteza watu njia."

"Banda lina chumba kimoja. Alizaliwa nyumba ya juu yake."

Mkuu akavuta pumzi. "Alasiri naingia kwa hakimu. Usiponipigia, naomba wiki nne."

* * *

Bandani kulibaki kuta za mawe. Mbao za mbele zilikwisha, na paa la nyasi lilikuwa limeanguka ndani kama blanketi lililoloa. Hergeir alivaa mabuti, akachukua chekeche aliloazima kwa zimamoto, akaanza kuchekecha majivu kuanzia mlangoni. Mtaalamu wa moto alishapita jana. Aliandika petroli, akaandika upande ulioanzia, akaondoka na kopo. Kazi ya kuchekecha alimwachia anayetaka.

Vitu vilitoka. Misumari ya mashua, mingi. Bawaba za mlango. Kichwa cha nyundo, tezo, patasi, nanga. Ndoana zilizoshikana kwa joto. Injini ilikuwa palepale ilipokuwa. Karibu na ukuta wa kushoto alipata kopo bapa la samaki wa kopo, na ndani yake utando mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Nta. Mtaalamu alikuwa amelipiga picha na kuandika kwamba huenda ni taa ya kazi. Hergeir akatazama juu ya ukuta. Bomba la waya za umeme lilionekana wazi. Mwenye umeme hafanyi kazi na mshumaa mchana.

Akaendelea mpaka ukuta wa nyuma, pale alipokutwa Heini. Juu ya mahali hapo, usawa wa kichwa cha mtu, kulikuwa na kulabu mbili za chuma zimepigwa ndani ya jiwe, zimekaribiana; moja ndiyo Heini alikutwa ameishika kwa mkono wa kulia. Kitu kilikuwa kimelazwa juu yake. Kitu kirefu kiasi cha mkono kutoka kiwiko. Akachekecha chini ya kulabu, akachekecha tena majivu yaleyale. Akapata kipande cha bizimu ya mkanda wa Heini, basi.

Akasimama, mgongo unamuuma, akatoa simu. Akaiangalia tena video ya Jumamosi, safari hii akiwa amezima sauti. Upepo ungemnyima sauti hata hivyo. Duara lilizunguka. Hatua mbili kushoto, moja kulia. Niklas alikuwa katikati ya wanaume wawili, uso umemwiva, anacheza. Ulipofika ubeti wa wageni kuingia, midomo yote ilikwenda pamoja. Ubeti ukaisha. Duara zima likafungua mdomo kwa ubeti wa mienge, na Niklas akafungua wa kwake.

Hergeir akairudisha nyuma. Akaitazama tena, na tena.

Mdomo wa Niklas haukwenda na wenzake. Alianza kitu kingine. Akaanza kwa nguvu kama mtu anayejua anakokwenda, kisha akaufumba ghafla. Macho yakaruka upande wa benchi la wazee. Halafu akadaka wimbo katikati ya mstari, akaimba na wengine mpaka mwisho.

Kwenye benchi, mahali macho ya Niklas yalipokwenda, alikuwa amekaa bibi mmoja mwenye shali ya kahawia. Kila mtu karibu naye alikuwa anaimba. Yeye alikuwa amefunga mdomo.

* * *

"Nilijua utakuja," alisema Bibi Billa, yule wa shali ya kahawia. "Sikujua utakuja na matope. Vua mabuti."

Alikuwa bibi wa miaka mingi, mjane, mikono yake haitulii. Alifuma huku akiongea, hakuangalia sindano. Kahawa ilikuwa mezani tayari.

"Bibi, kwenye ukuta wa nyuma wa banda la akina Paule kulikuwa na kulabu mbili. Palikaa nini?"

"Kisu."

"Kisu gani?"

"We nawe, kisu gani. Kisu cha kuchinjia nyangumi, cha baba yao. Ala ya mbao na shaba, mpini umechongwa. Babu alimpa baba, baba akampa Heini kwa kuwa ni mkubwa. Lakini kilikaa bandani, kwa kuwa ndipo mahali pake. Nyangumi wakiingia ghubani hakuna muda wa kupanda nyumbani kutafuta kisu."

"Kingeungua?"

"Mbao zingeungua. Chuma kitaungua vipi? Kwani shuleni hawakuwafundisha?"

"Nimechekecha hadi mgongo umekufa. Hakimo."

Sindano zikasimama.

Hergeir akaweka simu mezani, akamwonyesha video. Bibi akaiangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu anayeonyeshwa kidonda. Ilipofika pale akasema, "Mwana wa watu. Nilimwona. Nilidhani nimeona peke yangu."

"Alitaka kuimba nini?"

"Kunywa kahawa."

"Bibi, alasiri ya leo Sunnvør anapewa wiki nne. Heini atazikwa yeye yuko ndani."

"Nimeshasema kunywa kahawa. Nafikiri."

Akanywa. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi, akanywa tena. Bibi Billa akaweka ufumaji pembeni, akaisawazisha shali.

"Pale pana ubeti," akasema. "Kati ya wageni na mienge. Babu yake Niklas hakuchomewa banda na mtu. Alilichoma mwenyewe."

"Wimbo unasema kijiji."

"Wimbo unasema walichoamini watu wa kwanza. Banda liliwaka alfajiri, upepo umekaza. Kila mwanaume alikuwa na hasira na Niklas Mkubwa, na kila mmoja akadhani ni jirani yake aliyefanya. Nani angeuliza? Angeulizwa yeye. Wakaona haya, wakanyamaza, wageni wakajenga kituo chao. Mwaka uliofuata Niklas Mkubwa akajenga banda jipya. Bibi yangu akaenda kuazima kamba. Akaingia, akaona nini ukutani?"

"Kisu."

"Kisu kilekile. Kizima, hata ala haijababuka. Wewe banda lako linakuunguzia mashua na nyavu na makasia, halafu kisu kinatoka bila harufu ya moshi? Bibi yangu hakusema neno. Akarudi nyumbani akatunga ubeti."

"Ukaimbwa?"

"Majira ya baridi moja tu. Kisha mke wa Niklas Mkubwa akaja hapa, kwenye jiko hili, akapiga magoti. Alikuwa na watoto wadogo, wanazomewa njiani. Bibi yangu akaapa: ubeti hautaimbwa Hamravík maadamu kuna mtu wa nyumba ile. Akamwapisha mama yangu, mama akaniapisha mimi. Huyo mtu wa redio anasoma wimbo ulioandikwa baadaye. Aliyekuja kuandika aliandika alichosikia."

"Kwa hiyo anayeujua ni wewe."

"Na wao. Wanaotukanwa hawasahau. Unadhani kwao hawakumwambia mtoto babu yake alivyofaulu? Mimi nilidhani nitakufa nao." Akainuka kwa kushika meza. "Simama."

"Niambie tu, Bibi, nitakumbuka."

"Siwezi kuusema nimekaa. Hautoki. Lete mkono."

Hergeir akampa mkono. Ulikuwa mwepesi na mkavu. Wakasimama bega kwa bega kati ya jiko na kabati. Hatua mbili kushoto, moja kulia. Miguu ya Hergeir ikaijua kazi bila kuulizwa, soksi zinateleza sakafuni. Bibi Billa akaimba kwa sauti nyembamba isiyotetemeka.

*Kwanza akatoa kisu, cha babaye ukutani,*
*kisha akawasha banda, akarudi kitandani.*

Akaachia mkono, akakaa, akachukua ufumaji wake. Hakufuma.

"Haya," akasema. "Nimeshamvunjia mama yangu kiapo. Vaa mabuti uende."

* * *

Nyumba ya Niklas ilinukia kahawa na keki. Watu walikuwa wameleta, wakaondoka. Jikoni mama yao, Elspa, alikuwa akikata keki ambayo hakuna aliyekuwa akila. Niklas alikuwa sebuleni, mwanaume mpana mwenye sweta jeusi, ndevu hazijanyolewa.

"Umeshampeleka yule mwanamke kwa hakimu?" akauliza.

"Bado. Nina swali dogo la bima. Orodhesha vilivyokuwamo bandani."

"Nilishaorodhesha. Mashua, injini, nyavu, makasia, vyombo vya kazi."

"Na kisu cha baba yako."

Niklas akajikuna ndevu. "Na kisu. Hata kukitaja kunaniuma."

"Kiliungua?"

"Kila kitu kiliungua, afande. Ulienda, umeona."

"Nimekuwa huko asubuhi nzima na chekeche. Nimepata misumari ya mashua. Tezo, patasi, ndoana ndogo kama ukucha. Kisu sikupata."

"Basi kiliibwa kabla. Huyo mwanamke alikichukua."

"Sunnvør aingie kuchoma banda, achague kisu cha ukoo wenu, aache injini?"

"Mimi nitajuaje akili zake? Mimi nilikuwa kanisani. Nilisoma somo la siku mbele ya watu wote."

"Ulisoma, wameniambia. Ulisoma vizuri. Nimepata pia kopo la samaki lenye nta. Mshumaa unaweza kusubiri mpaka mtu afike kanisani, afungue kitabu, asome."

"Una picha nyingi kichwani, afande."

"Sina hata moja. Nina video." Hergeir hakuwa amekaa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya egemeo. "Jumamosi duara liliimba mienge, wewe ukaanza kisu. Ukajikamata. Ukamtazama Billa."

Kule jikoni kisu cha keki kiliacha kugonga sahani.

"Wenye ardhi walianza kugeuka baada ya wimbo," Hergeir akaendelea. "Ijumaa ungeshindwa. Babu yako naye aliimbiwa, akachoma banda lake, kijiji kikafyata ulimi. Na wimbo wenyewe ungekufa. Nani angeusimamisha tena ukumbini, umeshaunguza banda?"

"Thibitisha."

"Nitathibitisha. Sikuja kwa hilo. Nimekuja kukuuliza Heini aliingia kufanya nini."

"Aliingia kuokoa mashua." Sauti ya Niklas ilikuwa imeshuka. "Alikuwa na moyo huo. Mashua aliijenga na baba. Alikuwa juu malishoni kwa kondoo, akaona moshi. Sikujua kama... Kondoo wake wako upande wa pili wa mlima. Jumapili huwa yuko upande wa pili."

"Nani amekuambia ni mashua?"

"Angeingia kwa nini kingine?"

"Hatukumwambia mtu mahali alipokutwa. Hata wewe hatukukwambia." Hergeir akaacha kiti. "Mashua hakuigusa. Aliipita. Tulimkuta ukuta wa nyuma chini ya kulabu mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika moja. Alikuwa anapapasa, Niklas. Moshi umejaa, haoni, anapapasa kulabu zote mbili, hakipo, anapapasa chini labda kimeanguka. Mlango uko nyuma yake. Anaendelea kupapasa."

Niklas akainua kichwa. Mdomo wake ulifunguka kama kwenye video, ukabaki wazi.

Elspa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, aproni ina unga. Alikuwa mwanamke mdogo wa kimo. Hakumtazama Hergeir.

"Kiko wapi?" akamuuliza mwanawe.

"Mama."

"Nimekuuliza kisu kiko wapi."

Niklas akainuka. Alipita mbele yao wote wawili, akatoka na soksi zake kwenye majani yaliyoloa. Wakamfuata. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanda cha kukaushia nyama, mbao zimeachana ili upepo upite. Ndani mapaja ya kondoo yalikuwa yananing'inia kwa safu, yameota ukungu wa kijani. Niklas akanyoosha mkono nyuma ya paja la mwisho, akatoa kitu kilichofungwa kwa sweta la zamani. Akampa mama yake, si polisi.

Elspa akafungua sweta. Ala ilikuwa safi, shaba inang'aa.

"Sweta hili ni la Heini," akasema.

"Ndilo lilikuwa karibu."

"Ungemwambia." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anamkemea kwa kuacha mlango wazi. "Kwamba umekitoa. Neno moja tu. Angekaa na kondoo wake."

"Ningemwambia vipi, Mama? Aliponishika mkono Jumamosi nilimwambia aniachie. Akanijibu nicheze kama mwanaume. Ningemwambia nini?"

Hergeir akavaa glavu, akanyoosha mkono. Elspa hakukiachia kisu mara moja. Alipokiachia, alibaki ameshika sweta.

Simu ya Hergeir ililia mfukoni. Mkuu.

"Niko mlangoni kwa hakimu. Sema."

"Ingia umwambie Sunnvør Tausen arudi nyumbani. Nina mwenye banda, na kisu kiko mkononi mwangu."

"Kisu? Hergeir, mtu ameungua kwa moto, wewe unaniletea kisu?"

"Nitakueleza njiani."

Alimwingiza Niklas kwenye gari. Kijijini watu walikuwa wametoka kwenye milango. Hergeir aliendesha kwa kasi zaidi kuliko alivyopaswa, na ndani ya handaki Niklas aliuliza swali moja tu, kama mkono ulikuwa wa kulia kweli, ule Heini aliomshikia Jumamosi. Hergeir akamwambia ndiyo, wa kulia.

Sunnvør alitoka jioni ile, na Alhamisi alikuwa mazikoni. Kura ya Ijumaa haikupigwa. Kampuni iliandika kwamba itasubiri, na hakuna aliyejua inasubiri nini. Mtangazaji wa redio wiki iliyofuata alichukua wimbo mwingine.

Hasara ilikuwa hivi. Heini Paule alikufa akitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Mashua aliyoijenga na baba yake iliisha, na banda. Niklas yuko gerezani. Kisu kimo ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba, kwenye kabati la vielelezo. Bibi Billa alivunja kiapo cha mama yake. Nyimbo ambazo Heini alizijua peke yake, na zilikuwa nyingi, hakuna aliyekuwa amezirekodi, na ukumbi wa Hamravík haujapata mwimbishaji. Elspa Jumapili asubuhi alikuwa na wana wawili. Alhamisi alimzika mmoja, na wa pili hakuruhusiwa kuja kubeba jeneza.